Chui wa Leigh: mine zilifungwa, ekipe ikabaki

Kwenye ukurasa huu tumezoea kuongea Mazembe na Lupopo, na hakuna atakayetulaumu. Leo tunaomba wasomaji watuvumilie kidogo, twende mpaka Uingereza, kwenye mji mdogo wa Leigh, karibu na Manchester. Ekipe yao inaitwa Leopards, sawa vile timu yetu ya taifa. Tena Leigh ulikuwa mji wa mine, ya makaa ya mawe. Njo maana tukaona habari yao inatuhusu na sisi.

Mchezo wenyewe si futiboli. Ni rugby ya watu 13, ile Wafaransa wanaita rugby à treize. Mpira uko na umbo la yai, unabebwa mikononi, na kumpa mwenzako ni kwa kurudisha nyuma, hapana mbele. Ukiangushwa mara 6 bila kufunga, unawaachia wale wengine. Kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa adui ni pointi 4, na kisha kuupiga kati ya miti miwili ni 2 juu yake. Kuna pia dropu: mchezaji anaachia mpira uguse chini, anaupiga palepale, ukipita kati ya miti ni pointi 1. Hii dropu mwiifadhi, tutairudilia.

Lakini kwa nini watu 13, wakati rugby nyingine ni ya watu 15? Hapo njo habari inanoga kwa mtu wa mine. Zamani zile, wachezaji wa kaskazini ya Uingereza walikuwa wachimbaji na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Ukienda kucheza, unapoteza malipo ya ile siku, na nyumbani watoto wanakuangalia. Klabu za kaskazini zikaomba: turuhusiwe kuwarudishia hawa watu franga walizopoteza. Wakubwa wa rugby, watu wenye mali, wakakataa. Kwao mchezo haupaswi kulipwa. Basi Agosti 1895, wakuu wa klabu zile wakakutana kwenye hoteli moja mjini Huddersfield, wakajitenga. Leigh ilikuwa kati ya waanzishi. Walikubaliana mchezaji arudishiwe shilingi 6 kwa siku ya kazi aliyokosa. Kwa mkono wetu tunasema wazi: walikuwa na haki. Mwenye kusema mchezo ni wa heshima tu, hajawahi kukosa posti moja akaona mwisho wa mwezi unakuwa namna gani. Ile hesabu ya watu 13 ilikuja baadaye, mwaka 1906.

Na kazi ya chini ya udongo huko haikuwa mchezo. Tarehe 21 Desemba 1910, katika mine ya Pretoria, si mbali na Leigh, mlipuko mmoja wa asubuhi uliua watu 344. Siku 4 mbele ya Noeli. Bamama wanaosoma ukurasa huu hawana lazima ya kuelezwa zaidi.

Mine za mwisho za Leigh, Parsonage na Bickershaw, zilifungwa mwaka 1992. Kazi ikaisha, ekipe ikabaki. Lakini ilibaki kwa shida. Mara tatu iliingia katika daraja la juu, Super League, na mara tatu ikashuka mwaka uleule: 2005, 2017, 2021. Katikati, mwaka 2018, ilikosa nafasi ya kupigania kupanda, na wachezaji wengi wakaachiliwa waende.

Mwaka 2022 wakapanda tena: fainali ya daraja la pili waliipiga Batley 44 kwa 12. Hapo mwenye ekipe, Derek Beaumont, akafanya jambo lililochekesha watu. Alitupa jina la zamani, Centurions, akaleta Leopards, na madoadoa ya chui kila mahali. Wengi walisema ni mambo ya sarakasi. Sisi hatukucheka, Mkongomani gani atacheka jina la chui?

Saison ya 2023 ikaanza vibaya, Salford wakawapiga kwao nyumbani. Watu wakaanza kuhesabu: huyu atashuka mara ya nne. Lakini kochi wao, Adrian Lam, hakuwa mtu wa kutetemeka. Ni mtoto wa Papua New Guinea, nchi ambako rugby hii ya watu 13 njo mchezo wa taifa. Aliwahi kuwa kapiteni wa ile nchi. Katika ekipe alikuwa na mtoto wake mwenyewe, Lachlan, na Edwin Ipape, naye wa kulekule. Polepole wakaanza kushinda. Katika nusu fainali ya Challenge Cup wakawatoa St Helens, mabingwa wa Super League wa miaka minne mfululizo, 12 kwa 10.

Fainali ilikuwa tarehe 12 Agosti, Wembley, mbele ya watu zaidi ya 58,000. Adui: Hull KR. Leigh walikuwa mbele, na mwisho unakaribia. Zikabaki dakika chache kabisa, Hull KR wakafunga, wakasawazisha: 16 kwa 16. Kama unajua uchungu wa goli la dakika ya 90, zidisha. Sheria ilisema wacheze tena, na mwenye kupata pointi ya kwanza, hata moja, amechukua kombe. Wanaiita pointi ya dhahabu.

Hapo njo ile dropu. Mpira ukamfikia Lachlan Lam, akauachia, ukagusa chini, akaupiga. Ukapita. 17 kwa 16. Baba yuko kwa benchi, mtoto kwa kiwanja, na yeye njo alichaguliwa mchezaji bora wa fainali. Leigh hawakuwa wamelishika kombe lile tangu 1971, miaka 52. Wako wachimbaji wazee waliokuwa vijana ile siku ya kwanza.

Katika ligi walimaliza wa tano, kisha Hull KR walewale wakalipiza, 20 kwa 6, na saison ikaishia hapo. Hawakushuka. Wasiwasi wetu ni mmoja: ekipe inayosimama juu ya mfuko wa mtu mmoja inaweza kuanguka siku mfuko umechoka, na miji ya mine inajua mambo ya namna hii. Ila mwaka 2024 ulipoanza, chui walikuwa bado katika Super League, mwaka wa pili mfululizo, kitu ambacho Leigh haikuwa imewahi kukiona.