Feni ya hita ikigoma, usikimbilie kununua nyingine

KAMA unaishi Kimbo, kando ya barabara kuu ya Thika huko Ruiru, huna haja ya kuelezwa baridi ya mwezi wa Julai ilivyo. Alfajiri ukungu huwa umetanda, nyasi zimelowa umande, na magari yaelekeayo Nairobi yamekwisha kupanga foleni. Unawaingiza watoto garini na sare zao za shule, unafunga vioo, unawasha injini. Kabla hujaifikia barabara kuu, kioo cha mbele kimekuwa cheupe kama maziwa. Unaigeuza swichi ya feni ya hita. Kimya!

Wako wanaodhani kuwa hita ni anasa ya nchi za theluji, na kwamba Mkenya anaweza kuishi bila hita maadamu ana sweta. La hasha! Sweta itakupasha joto wewe, lakini haitakisafisha kioo. Feni ya hita ndiyo hiyo hiyo inayopeleka hewa kwenye kioo cha mbele ili uone unakokwenda. Isitoshe, hata mashine ya kupoza hewa haiwezi kukufaa kitu ikiwa feni hiyo imekufa, kwa kuwa hakuna cha kuisukuma hewa.

Sababu ya kioo kupata ukungu ni rahisi. Watu watano wakipumua ndani ya gari lililofungwa, hewa hujaa mvuke. Mvuke huo ukikutana na kioo kilichopoa usiku kucha, hugeuka matone madogo madogo, kama yale yanayoonekana chini ya mfuniko wa sufuria ya chai. Dereva hubaki akipapasa kioo kwa kiganja, mkono mmoja kwenye usukani, huku matatu zikimpita kushoto na kulia na watu wakivuka wanakotaka. Huyo hana tofauti na aliyefumba macho.

Kwa hivyo feni ikigoma ni lazima itengenezwe. Lakini kuna jambo moja ambalo wenye magari wengi hawalijui, nalo huwagharimu pesa nyingi: mara nyingi feni inayosemekana kuwa imekufa si mbovu. Kilichoharibika ni kitu kidogo kinachoipelekea umeme.

HITA HUFANYAJE KAZI?

Katika gari la petroli au dizeli, nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo. Maji yaliyopata moto kwenye injini, kiasi cha nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi, hupitia humo. Feni huvuta hewa na kuisukuma ipite kwenye rejeta hiyo, nayo hutokea kwenye matundu ikiwa na joto. Jambo hili si geni. Mwaka 1938 kampuni ya Nash ya Marekani ilikuwa tayari ikiuza magari yaliyovuta hewa kutoka nje, kuichuja na kuipasha moto kabla ya kuifikisha kwa abiria.

Basi swali la kwanza la kujiuliza ni hili: Je, hewa haitoki kabisa, au inatoka lakini ni baridi? Ikiwa inatoka kwa nguvu lakini haina joto hata baada ya injini kupata moto, feni yako ni nzima. Tatizo huenda likawa ni maji yaliyopungua kwenye rejeta, themostati isiyofunga, au ile rejeta ndogo kuziba uchafu. Usimruhusu mtu akuuzie feni kwa ugonjwa huo. Nawe usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, kwani maji hayo yataruka na kukuunguza uso.

Ikiwa hewa haitoki, au inatoka kwa kubahatisha, hapo ndipo tunaingia katika habari ya feni yenyewe.

DALILI YA MVUA NI MAWINGU

Feni hailali tu bila kusema kitu. Isikilize kabla hujatoa pesa mfukoni.

Kwanza, ikiwa swichi ina namba 1 hadi 4 na feni inafanya kazi kwenye namba 4 peke yake, usiguse feni. Mwenye makosa ni rezista. Hiki ni kifaa kidogo chenye nyaya zilizojikunja kama springi, na kazi yake ni kupunguza umeme ili feni izunguke polepole kwenye namba za chini. Namba ya mwisho haipitii hapo, ndiyo maana huendelea kufanya kazi baada ya rezista kuungua.

Pili, ikiwa feni haizunguki kwenye namba yoyote, anza na fyuzi. Kisha chunguza rilei, plagi, waya wa ethi na swichi. Mota ndiyo iwe ya mwisho kulaumiwa.

Tatu, ikiwa feni inazunguka leo na kesho inakataa, au inaamka ukiligonga polepole ganda lake kwa mpini wa bisibisi, basi kaboni zilizo ndani ya mota zimekwisha. Hapo mota inakuaga.

Nne, ikiwa inapiga kelele ya kukwaruza, huenda majani makavu au karatasi zimeingia. Panya nao hupenda kujenga humo, hasa gari likiegeshwa karibu na shamba au ghala. Ikiwa ni mlio wa kusaga usiokoma, huenda beringi zimechakaa.

Tano, ikiwa feni inasikika ikivuma lakini hewa ni kidogo, tazama filta ya hewa ya ndani. Anayepita kwenye vumbi kila siku asishangae akiikuta filta hiyo imekuwa kama mkeka wa udongo. Wako wenye magari ambao hawajui hata kama ipo.

CHUNGUZA KWA MPANGILIO

Vifaa vinavyohitajika si vingi: bisibisi, tochi, na balbu ya indiketa ya volti 12 iliyounganishwa nyaya mbili. Anza na kilicho rahisi, umalizie na kilicho ghali.

Tafuta kisanduku cha fyuzi. Kuna kimoja chini ya dashibodi na mara nyingi kingine karibu na betri. Fyuzi ya feni ya hita huwa miongoni mwa zile kubwa kwa sababu feni hula umeme mwingi. Ikiwa imekatika, weka nyingine yenye namba ile ile. Usiweke kubwa zaidi, na usifunge waya au karatasi ya sigara mahali pake! Fyuzi hukatika ili waya usiungue. Ukiizuia kukatika, waya ndio utakaowaka, tena nyuma ya dashibodi, mahali usipoweza kufika upesi. Na ikiwa fyuzi mpya nayo imekatika papo hapo, usiendelee kuzibadilisha. Kuna waya uliogusana au mota iliyokwama.

Hatua ya pili ni kufikia feni yenyewe. Katika magari mengi yaliyotoka Japani, ambayo usukani wake uko kulia, feni huwa kushoto, chini au nyuma ya kile kisanduku kilicho mbele ya abiria. Zima gari na utoe ufunguo. Usiguse nyaya wala plagi za rangi ya manjano, kwani hizo ni za mifuko ya usalama inayofura gari likigonga. Halafu kabla ya kuchomoa betri, fikiri kwanza. Redio nyingi zilizokuja na magari kutoka Japani hujifunga betri ikitolewa, zikadai namba ya siri ambayo huna.

Hatua ya tatu ni kuitazama plagi ya feni. Chomoa plagi hiyo na uimulike. Je, plastiki imegeuka kahawia au kuyeyuka? Hilo hutokea mara nyingi, na mtu anaweza kununua feni mpya kisha aichomeke kwenye plagi ile ile iliyoungua. Haimalizi msimu.

Hatua ya nne ndiyo itakayotoa hukumu. Rudisha ufunguo, uwashe umeme bila kuwasha injini, weka swichi kwenye namba ya mwisho, kisha gusisha nyaya mbili za balbu yako kwenye vyuma viwili vya plagi uliyoichomoa. Balbu ikiwaka vizuri, umeme unafika na kurudi. Kama feni haikuzunguka, basi mota ndiyo mbovu. Balbu isipowaka, mota haijapata hata nafasi ya kujitetea. Rudi nyuma kwenye rilei, swichi na ethi.

Kipimo hiki ni cha magari yenye swichi ya kawaida. Gari ambalo unaliambia nyuzi za joto unazotaka, nalo likajiendesha lenyewe, halina rezista ya nyaya. Lina kifaa cha kielektroniki, na ni heri ukimwachia fundi wa umeme wa magari.

Kuitoa mota kwenyewe si kazi kubwa. Katika magari mengi imeshikwa na skrubu tatu, nayo hushuka pamoja na gurudumu lake la mapezi. Rezista nayo huwa karibu hapo, imeshikwa na skrubu mbili, na imewekwa kwenye njia ya hewa makusudi ili feni iipoze.

USIPOZIBA UFA...

Hapo ndipo penye siri nyingine. Ikiwa rezista imeungua, jiulize kwa nini. Filta iliyoziba huinyima hewa ya kuipoza. Mota nzito iliyochakaa huvuta umeme mwingi kupita kiasi na kuichoma. Mtu anayebadilisha rezista bila kuzitazama hizo mbili atarudi dukani baada ya miezi michache, na atailaumu rezista bure. Vivyo hivyo, ukikuta maji au kutu kwenye mota, fungua pale chini ya waipa za kioo cha mbele, uondoe majani yaliyoziba mifereji. Maji ya mvua yakikosa njia huingia kwenye feni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuhusu vipuri, wengi hushuka Nairobi hadi Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wangali wanaiita Grogan. Ukienda huko, beba kile kilichoharibika. Linganisha plagi, matundu ya skrubu na ukubwa wa gurudumu. Ikiwa ni mota iliyotumika, ombi lako liwe moja: iunganishwe kwenye betri mbele ya macho yako. Izunguke bila kelele, tena izungukie upande ule ule wa ya zamani. Inayozunguka kinyume itavuma sana lakini italeta hewa haba.

Na ikiwa kazi yote unamwachia fundi, hilo si kosa. Wako mafundi wa jua kali walio hodari na waaminifu kupindukia. Lakini muulize maswali mawili tu kabla hajaanza: "Umepima umeme kwenye plagi?" na "Utanionyesha kile cha zamani?" Fundi mwema hatakasirika. Anayekasirika, mwage kwa heshima.

IKIGOMA NJIANI

Je, feni ikikufia alfajiri ukiwa tayari barabarani? Punguza mwendo na uingie kituoni au mahali pengine salama pa kusimama. Fungua vioo kidogo pande zote mbili, hata kama watoto watalalamika, ili mvuke utoke. Futa kioo kwa ndani kwa kitambaa safi kilichokauka, si kwa kiganja, kwani mafuta ya mkono huacha madoa yanayong'aa taa za magari mengine zinapokumulika. Kitufe cha hewa kiweke kwenye alama ya kuingiza hewa ya nje, si ile ya kuzungusha hewa ya ndani. Gari likiwa mwendoni, hewa kidogo huingia hata bila feni.

Lakini usitafute joto kwa njia ya hatari. Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa ili gari "lipate moto", na usiweke jiko la makaa garini. Moshi wa injini na wa makaa una hewa ya sumu ambayo haina rangi wala harufu. Humlaza mtu usingizi asiamke.

Mpenzi msomaji, baridi huja kila mwaka, na tarehe yake tunaijua. Usingoje Julai ikukute. Jumapili moja ya mwezi wa Mei, ukirudi kutoka kanisani au ukiwa umepumzika nyumbani, keti garini dakika tano. Geuza swichi kutoka namba 1 hadi 4, usikilize kila namba, uweke kiganja kwenye matundu yaliyo chini ya kioo. Namba moja ikikosa kuitika, umekwisha kujua pa kuanzia, na huenda dawa yake ikawa ni fyuzi ya bei ya chai na mandazi.