AHADI NI DENI: KWA NINI SISTA ULIYEMZOEA HAYUPO TENA?

Mwaka huu tuliombwa tuandike juu ya kazi tunazozijua kwa macho yetu wenyewe, si za kusimuliwa. Mimi nimechagua zahanati. Msicheke! Najua wengi mnangoja nieleze malaria au kipindupindu, lakini hayo mmeyasoma tangu shule ya msingi. Mimi nataka kueleza jinsi zahanati ndogo inavyopata wafanyakazi, na hasa inavyowapoteza.

Shangazi yangu ana zahanati karibu na soko. Yeye ni afisa wa kliniki, ingawa kila mtu anamwita daktari naye amechoka kuwasahihisha. Ameajiri watu sita: wauguzi wawili, mtaalamu wa maabara, karani wa mapokezi, mama wa usafi na askari wa usiku. Jumamosi na siku za likizo mimi huenda kupanga kadi za wagonjwa, na ukipanga kadi unasikia mengi.

Kuna wakati wauguzi wanne walikuja na kuondoka katika muda wa mwaka mmoja na miezi michache. Shangazi alikuwa akisema, "Vijana wa siku hizi hawana subira!" Nami niliamini, mpaka yalipomfika nyanya yangu.

Nyanya ana presha. Kila mwezi alikwenda kupimwa na sista mmoja aliyemjua vizuri, anayejua kwamba nyanya husema "nimemeza dawa" hata kama hajameza. Sista huyo alipoacha kazi, nyanya alikwenda mara moja tu, akakuta mgeni, akaulizwa maswali yote upya kama mtoto wa darasa la kwanza, akarudi nyumbani kimya. Miezi miwili hakuenda tena. Siku moja tulimkuta ameanguka mlangoni pa jikoni. Alilazwa hospitalini siku tisa. Namshukuru Mungu alipona, lakini mkono wake wa kushoto hadi leo haushiki kikombe sawasawa.

Baada ya hapo shangazi alimpigia simu yule sista, si kumrudisha kazini, bali kumwuliza ukweli. Basi sista akamwaga yote. Mosi, walikubaliana mshahara tarehe 5, lakini ulikuwa ukija tarehe 12, au 19, na hakuna aliyesema neno. Mwenye nyumba yake hakungoja tarehe 19. Pili, ratiba ya zamu ilibandikwa Jumapili jioni kwa ajili ya Jumatatu asubuhi, na yeye ana mtoto mchanga. Tatu, na hili ndilo lililomtoa, alikaripiwa mbele ya wagonjwa kwamba amepoteza kipimajoto. Kipimajoto kilipatikana saa hiyo hiyo katika mfuko wa koti la shangazi. Hakuombwa radhi.

Angalieni sana, hakusema mshahara ulikuwa mdogo. Ulikuwa mdogo, ndiyo, lakini aliukubali alipoajiriwa. Hata mgomo mkubwa wa madaktari wa hospitali za umma, ulioanza Desemba 2016 ukachukua siku 100 mpaka Machi 2017, kiini chake kilikuwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013 na usitekelezwe. Ahadi ni deni, na mwenye deni asiyelipa hukimbiwa.

Sasa hebu nieleze shangazi anavyoajiri siku hizi, maana zamani alichukua yeyote aliyebisha hodi, pamoja na binamu yangu mmoja ambaye alikaa mapokezi akichezea simu huku mama wajawazito wamesimama. (Binamu, ukisoma haya, unajua ni wewe.)

Kwanza anatazama leseni. Muuguzi lazima awe na leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya iliyo hai, si cheti cha chuo peke yake. Halafu anapiga simu alikofanya kazi mwombaji, na swali lake ni moja: "Ungemwajiri tena?" Anasema ukimya wa mtu hapo unatosha kuwa jibu. Kisha mwombaji anakuja nusu siku, na nusu siku hiyo analipwa. Shangazi haangalii tu anavyodunga sindano. Anaangalia kama atamsalimu mama wa usafi, na kama atamwinamia mzee asiyesikia vizuri au atampigia kelele. Sindano anaweza kumfundisha, asema, heshima hana muda wa kuifundisha.

Jambo jingine ni kusema mabaya mapema. Zahanati inafungwa saa tatu usiku. Jumamosi mbili kwa mwezi ni za kazi. Siku ya soko hakuna kuketi. Mwombaji anaambiwa haya yote kabla ya kutia sahihi. Wawili walisikia wakaenda zao, na shangazi alifurahi, kwa sababu wangeondoka tu baada ya mwezi.

Mkataba wenyewe umeandikwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka hivyo kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka na malipo kamili, miezi mitatu kwa mama aliyejifungua na wiki mbili kwa baba. Waajiri wadogo wengi hudhani haya ni ya kampuni kubwa za Nairobi. Hapana! Hata mwenye wafanyakazi wawili yanamhusu.

Kuhusu mshahara, mara nyingine pesa za bima huchelewa kuingia, na hilo shangazi hana uwezo nalo. Zamani alinyamaza na kujifungia ofisini. Siku hizi anaweka kando sehemu ya mapato ya kila siku kwa ajili ya mishahara, na kama haitatosha anawaambia wote tarehe 28 kwamba watapata nusu tarehe 5 na nusu siku fulani. Watu wananung'unika, lakini hakuna aliyeondoka. Ratiba ya zamu hubandikwa tarehe 25 kwa mwezi mzima unaofuata, na wauguzi wanaruhusiwa kubadilishana wenyewe mradi waandike.

Tena kosa la mtu husemwa mlango ukiwa umefungwa. (Walimu wetu wapendwa, mniwie radhi, hapa nazungumzia zahanati tu.)

Lakini lililonigusa zaidi ni la mama wa usafi. Sindano zilizotumika hutiwa katika sanduku maalumu ambalo lazima lifungwe likijaa robo tatu. Wakati wa haraka lilikuwa likijazwa mpaka sindano zinachungulia juu, na aliyelibeba ni yeye, na glavu zake nyembamba. Wauguzi walikuwa wamechanjwa homa ya ini aina ya B, yeye hakuchanjwa, eti si mtu wa matibabu. Sasa amepata dozi zote tatu na glavu nzito. Siku ya dozi ya mwisho alileta mahamri ya wote. Kusema kweli mimi siamini mambo ya fulana za Krismasi na keki ambazo waajiri wengine hudhani zinatosha. Mtu anataka kujua kwamba akichomwa sindano kuna atakayejali.

Je, sasa hakuna anayeondoka? Wapo. Zahanati ndogo haiwezi kushindana na serikali ya kaunti, sembuse Uingereza, ambayo mwaka 2021 ilitia sahihi makubaliano na Kenya kuhusu kuajiri wahudumu wa afya. Mmoja wa wauguzi wetu amepata nafasi huko. Tofauti ni kwamba alisema miezi miwili kabla. Ameanza kumtembeza mwenzake katika kadi za wagonjwa wa presha na sukari, mmoja baada ya mwingine, akiandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Kwenye kadi ya nyanya ameandika: "Ahesabiwe vidonge, asiulizwe."

Jumamosi ijayo nimeambiwa niwahi kabla ya saa mbili. Waombaji wawili wanakuja kwa nusu siku yao, na nyanya amesema atakuwepo, atakaa benchi la mbele aone nani atamsalimu.