Mwalimu Afukuzwe au Angojwe?

Mabishano haya, wasomaji wapenzi, mnayasikia kila timu ishindwapo. Basi tutazame Manchester United ya Uingereza. Bwana Alex Ferguson alishika kazi Novemba 1986. Septemba 1989 jirani zao, Manchester City, wakawafunga mabao 5 kwa 1. Desemba mpenzi mmoja akainua uwanjani kitambaa kilichomlaumu Bwana Ferguson kwa visingizio vya miaka 3, na kumwaga kabisa! Wengine wakasema angojwe. Wakubwa wa klabu hawakumwondoa. Mei 1990 akatwaa Kombe la FA, akakaa hadi 2013, akachukua ubingwa wa ligi mara 13. Hata hivyo waliotaka aondoke hawakuwa wapumbavu: msimu ule ule wa kombe, katika ligi timu yake ilimaliza ya 13.