Sare za viwanda vya chakula: Nani afue, nani alipe?

KOTI jeupe la mfanyakazi wa kiwanda cha chakula huonekana kuwa jambo dogo, pengine suala la unadhifu tu. Lakini koti hilo likifuliwa nyumbani katika beseni moja na nguo za familia, likaanikwa uani na kurudi kiwandani ndani ya mfuko wa plastiki, linaweza kubeba vijidudu, manyoya ya paka au chembe za karanga hadi kwenye meza ya kukatia nyama iliyokwisha kupikwa.

Kwa sababu hiyo, kampuni nyingi za kutengeneza chakula nchini Uingereza na kwingineko Ulaya hazimwachii mfanyakazi jukumu la kufua sare. Hukodi nguo hizo kutoka kwa kampuni za udobi wa viwandani, ambazo hununua makoti na suruali, hukusanya zilizochafuka, huzifua, hushona zilizochanika na kuzirejesha kwa ratiba maalumu. Kwa kampuni yenye viwanda vitano au kumi, swali linalofuata ni iwapo vyote vivae sare moja na kufuliwa kwa utaratibu mmoja.

Sheria yenyewe haisemi mengi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 852 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Januari 1, 2006, inamtaka kila anayeshughulikia chakula kuvaa nguo zinazofaa, zilizo safi na, inapobidi, za kukinga. Haitaji rangi, kitambaa wala dobi.

Wanaotaja hayo ni wanunuzi. Mwaka 1998, chama cha wauzaji wa rejareja cha Uingereza, BRC, kilitoa masharti ya usalama wa chakula kwa viwanda vinavyouzia maduka makubwa. Masharti hayo, ambayo sasa yanajulikana kama BRCGS, yalifikia toleo la tisa mwaka 2022. Nayo hayaishii Uingereza, kwani wafungashaji wa mboga nchini Kenya wanaopeleka maharage machanga katika maduka hayo hukaguliwa kwa masharti hayo hayo.

Kwa mujibu wa masharti hayo, koti halitakiwi kuwa na mfuko wa nje juu ya kiuno wala vishikizo vya kushonwa. Sababu yake ni nyepesi. Kalamu iliyowekwa kwenye mfuko wa kifuani huanguka mtu anapoinamia sufuria, na kishikizo kilichokatika uzi huishia ndani ya unga. Badala yake hutumika vifungo vya kubana. Nywele zote hufunikwa, na mwenye ndevu huvaa kifuniko chake. Nguo hizo huvuliwa kabla ya kwenda msalani, kantini au mahali pa kuvutia sigara.

Masharti huwa makali zaidi katika sehemu zinazoandaa chakula ambacho mlaji hatakipika tena, kama vile nyama baridi na saladi. Humo nguo hubadilishwa angalau kila siku, na kuna mpangilio maalumu wa kuvaa, ili koti safi lisiguswe na nywele, viatu vya nje au mikono ambayo haijanawa.

Hofu kubwa katika sehemu hizo ni bakteria wa listeria, ambao huzaliana hata ndani ya jokofu. Afrika Kusini ilipata msiba huo mwaka 2017 na 2018, ambapo watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafariki dunia kwa ugonjwa uliohusishwa na soseji aina ya poloni kutoka kiwanda kimoja cha Polokwane. Sare hazikutajwa kuwa chanzo. Hata hivyo, msiba huo ulionyesha jinsi kosa la kiwanda kimoja linavyoweza kufika katika meza za nchi nzima.

Udobi wa kazi hii hautofautiani na ule wa nyumbani kwa ukubwa wa mashine pekee. Jengo hugawanywa kwa ukuta, na mashine za kufulia huwekwa ndani ya ukuta huo zikiwa na milango miwili. Nguo chafu huingilia upande mmoja na safi hutokea upande wa pili, hivyo haziwezi kukutana. Kuhusu joto, mwongozo wa hospitali za Uingereza unataka nguo zikae katika nyuzi 71 kwa dakika zisizopungua 3, au nyuzi 65 kwa dakika zisizopungua 10, na vipimo hivyo mara nyingi hufuatwa pia kwa sare za chakula. Kiwango cha Ulaya cha EN 14065, kilichotolewa mwaka 2002 na kurekebishwa mwaka 2016, kinamtaka dobi abaini kila hatua ambapo nguo inaweza kuchafuka tena na kuthibitisha kwa vipimo kwamba haichafuki.

Faida ya kuwa na sare moja katika viwanda vyote huonekana zaidi kwenye rangi. Ikiwa kofia nyekundu katika kiwanda kimoja ni ya mtu wa nyama mbichi, na katika kiwanda kingine ni ya mtoa huduma ya kwanza, mfanyakazi au fundi anayehamishwa kwa siku mbili huingia na maana aliyoizoea. Msimamizi akimwona fundi huyo karibu na nyama iliyopikwa, hatajua kwamba amepotea njia. Rangi inapokuwa na maana moja kila mahali, kosa huonekana kwa macho kabla halijaingia katika chakula.

Lakini mpango mzuri wa rangi huvunjika kwa hesabu mbaya ya idadi. Mfanyakazi wa siku tano kwa wiki anayebadili koti kila siku, na ambaye nguo zake huchukuliwa mara moja kwa wiki, anahitaji makoti matano ya kuvaa, matano yaliyo kwa dobi na moja la akiba, yaani 11. Ofisa ununuzi anayetaka kupunguza gharama hukata idadi hiyo hadi saba au nane, na katika karatasi hakuna kinachoharibika. Kinachoharibika huonekana Alhamisi alfajiri, mfanyakazi anapofungua kabati na kulikuta tupu. Atavaa koti la jana, kwa kuwa msururu wa mashine haumsubiri.

Kampuni nyingi za udobi sasa hushona katika kila nguo alama ya mistari au kijichipu kinachosomwa kwa mawimbi ya redio. Kwa njia hiyo hujulikana koti limefuliwa mara ngapi, limekaa wapi na nani hajalirudisha. Hapo ndipo mgogoro mwingine huzuka, kwani koti lililopotea hutozwa fedha. Baadhi ya waajiri huhamishia tozo hilo kwenye mshahara. Kwa taratibu za kima cha chini cha mshahara nchini Uingereza, makato ya sare hupunguza kiasi kinachohesabiwa kuwa mfanyakazi amelipwa, na mwajiri anaweza kujikuta amevunja sheria kwa sababu ya koti moja.

Mkataba nao una mtego wake. Nguo ni mali ya dobi, naye hurudisha gharama yake kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Mteja anayevunja mkataba mapema hudaiwa thamani iliyobaki ya kila koti. Kampuni yenye viwanda kumi mara nyingi huwa na mikataba kumi inayokwisha kwa tarehe tofauti, kwa hiyo kuviunganisha vyote kwa siku moja ni kujitakia deni. Njia nafuu ni kupanga mikataba mipya yote imalizike siku moja, kisha kila kiwanda kihamie sare mpya mkataba wake wa zamani unapofika mwisho, na rangi za zamani ziondolewe siku hiyo hiyo ili zisichanganyike na mpya.

Kabla ya kusaini, yafaa pia waulizwe wavaaji wenyewe. Koti lililokatwa kwa umbo la mwanamume humbana mwanamke mahali pamoja na kumpwaya mahali pengine, na mikono mirefu kupita kiasi huingia katika chakula. Mkaguzi anayejua kazi yake haanzi na mafaili ya mkataba. Huenda chumba cha kubadilishia nguo dakika chache kabla ya zamu kuanza, akatazama makabati.