Vumbi la Kazini Si la Kuzoea: Mfahamu Mtaalamu wa Usafi wa Viwandani

Mchonga mawe akikohoa kwa miezi, wengi hudhani ni baridi au kifua kikuu. Lakini chanzo chaweza kuwa vumbi la mawe anayokata. Mawe mengi yana silika, na chembe zake hatari zaidi hazionekani kwa macho. Zikifika ndani ya mapafu huacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na humweka mtu katika hatari zaidi ya kupata kifua kikuu.

Kuzuia madhara kama hayo ndiyo kazi ya mtaalamu wa usafi wa viwandani. Licha ya jina, kazi yake si kufagia sakafu. Hutambua kinachoweza kumdhuru mfanyakazi, hukipima, kisha huelekeza namna ya kukidhibiti, kiwe vumbi, kelele, joto au moshi wa kuchomelea vyuma. Kupima vumbi, humvisha mfanyakazi pampu ndogo kiunoni, yenye kichujio karibu na pua. Kelele hupimwa kwa desibeli. Kanuni za mwaka 2005 haziruhusu mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku.

Je, barakoa haitoshi? Hiyo ni kinga ya mwisho. Kwanza, vumbi lizuiwe linakotoka: mawe yakatwe yakiwa yamelowa, au mashine ifungwe kifaa cha kufyonza vumbi. Pili, muda wa kukaa penye vumbi upunguzwe. Barakoa inayofaa hufuata.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi na kuwapa vifaa vya kujikinga. Asipofanya hivyo, ripoti katika ofisi ya Idara ya Usalama na Afya Kazini (DOSHS).

Vijana wanaopenda kemia, fizikia na biolojia wanaweza kusomea taaluma hii. Chuo Kikuu cha JKUAT, kwa mfano, hutoa shahada ya uzamili ya usalama na afya kazini.

Mwaka 1700, daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliwahimiza madaktari kumuuliza kila mgonjwa kazi yake. Nawe ukifika zahanati na kikohozi kisichoisha, usingoje kuulizwa. Sema unafanya kazi gani, na kwa miaka mingapi.