Miaka 27 Si Uzee kwa Mkimbiaji

Msomaji wa Keroka ameuliza: kijana wake wa miaka 27 anakimbia mbio ndefu, hajashinda kitu kikubwa, na jamaa wanamshauri aache mbio atafute kazi. Je, muda wake umepita?

Tumtazame Naftali Temu. Tarehe 13 Oktoba 1968, jijini Mexico City, kijana huyu wa Nyamira aliipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kwa kushinda mita 10,000 akiwa na miaka 23. Mamo Wolde wa Ethiopia alimtoka mwishoni, Temu akamfukuza na kumpita wakikaribia utepe, kwa chini ya sekunde moja. Wolde alikuwa na miaka 36. Wiki moja baadaye Wolde huyohuyo alishinda marathoni. Temu, ambaye katikati alikuwa ameongeza shaba ya mita 5,000, alimaliza wa 19.

Kisha akaja Yobes Ondieki wa Kisii. Tarehe 10 Julai 1993, mjini Oslo, alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, kwa muda wa 26:58.38. Alikuwa na miaka 32.

Kwenye habari za moyo na mapafu sitakawia. Uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni hufika kilele katika miaka ya ishirini, kisha hushuka polepole, na mazoezi huuchelewesha kushuka. Ingekuwa ni hilo tu, Ondieki asingeweka rekodi ile. Kinachonisisimua mimi ni uwekevu wa mbio, yaani oksijeni kidogo kiasi gani inatosha kwa kila kilomita.

Mwangalie mama mchuma chai kwenye vilima vya Nyamira. Kijana mgeni shambani anamzidi nguvu, lakini anavuta tawi kwa bega zima, anageuka kila mara kutafuta mdomo wa kikapu, na saa nne ya asubuhi shati limeshalowa. Mama anachuma kwa ncha za vidole, majani mawili na chipukizi, mkono huu na huu. Kiganja kikijaa anarusha nyuma ya bega bila kutazama. Miaka imemwondolea kila msogeo usio na kazi. Huenda misuli yake si ya zamani, ila kilo moja ya majani inamgharimu jasho kidogo, na jioni kwenye mizani ni yeye mwenye mzigo mkubwa.

Mwilini mwa mkimbiaji jambo hilo hutokea hasa chini ya goti. Mguu ukigusa ardhi, msuli wa shavu la mguu hukaza na kutulia, huku kano ya kisigino ikivutika, kisha kano hurudi na kumrusha mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulikadiria kwamba kano hiyo na upinde wa unyayo huhifadhi na kurudisha karibu nusu ya nishati inayopanda na kushuka katika kila hatua. Nishati hiyo msuli haulazimiki kuitengeneza upya. Lakini kano hukomaa taratibu kuliko moyo, na mishipa ya fahamu huhitaji kilomita nyingi ili ijifunze kukaza msuli kabla tu unyayo haujatua.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyepimwa na mwanasayansi Andrew Jones tangu mwaka 1992 hadi 2003. Uwezo wake wa juu wa oksijeni haukubadilika sana. Lakini kwa kasi ileile ya kilomita 16 kwa saa, oksijeni aliyohitaji ilipungua kwa takriban asilimia 15. Aprili 2003, akiwa na miaka 29, alikimbia marathoni ya London kwa 2:15:25, rekodi ya dunia.

Eliud Kipchoge naye alikimbia marathoni kwa 2:01:09, rekodi ya dunia, mjini Berlin mwaka 2022 akiwa na miaka 37. Ndiyo, viatu vya siku hizi vinasaidia, na Kelvin Kiptum aliivunja rekodi hiyo akiwa na miaka 23.

Kwa hiyo, mzazi wa Keroka, usihesabu mishumaa ya keki. Kila mwezi, asubuhi kukiwa na baridi, mwanao akimbie umbali uleule kwa kasi ileile katika Uwanja wa Gusii, na mara tu akisimama ahesabu mapigo ya moyo. Mapigo yakizidi kupungua mwezi hadi mwezi, kasi ileile inamgharimu kidogo zaidi: bado anapanda, mwacheni akimbie.