TENKI LA MAFUTA LILIVYOIPONZA FORD

Washikaji, tukiona gari tunaulizia rangi, redio na spidi. Nani anauliza tenki la mafuta limekaa wapi? Mimi nauliza, na sababu ni Ford Pinto.

Hicho kilikuwa kigari cha bei poa cha Marekani. Tenki lilikaa nyuma kabisa, kati ya bampa na difu. Kikigongwa nyuma, tenki linasukumwa mbele, bolti za difu zinalitoboa. Mei 1972, huko California, Pinto moja ilizima barabara kuu, ikagongwa, ikawaka moto. Dereva, mama wa watu, alifariki. Kijana wa miaka 13 aliyekuwa naye aliungua vibaya mno, akapoteza hata sehemu za vidole na sikio.

Utasema alaumiwe aliyegonga. Hapo ndipo sheria inaponikuna: kugongana barabarani ni jambo la kutegemewa, mtengenezaji naye alitegemee. Tena Ford walishajua! Majaribio yao wenyewe yalionyesha tenki linavuja, na mahakama iliambiwa marekebisho yangegharimu dola 15.30 tu kwa gari.

Mwaka 1978 baraza la mahakama likaamua kijana alipwe fidia ya dola milioni 2.5, na juu yake milioni 125 za kuitia adabu kampuni. Si mchezo! Jaji akazikata za adabu hadi milioni 3.5, na rufaa ya 1981 ikaziacha hapo hapo.

Lakini Indiana, walikokufa wasichana watatu ndani ya Pinto mwaka 1978, Ford ilishtakiwa kwa jinai na mwaka 1980 ikachomoka. Kwenye jinai ushahidi usiache shaka. Kwenye fidia unatosha ukizidi wa mwenzako.